Namna ya kupima usalama wa mtaa kabla ya kukodi nyumba Lewiston, Maine

Lewiston ni mji mdogo wa viwanda vya nguo vya zamani, kando ya Mto Androscoggin. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 37,121. Wasomali walianza kuhamia kwa wingi mwaka 2001, kisha wakaja Wakongo, Waangola, Warundi na Wanyarwanda, kwa hiyo Kiswahili si kigeni katika mitaa ya katikati ya mji. Anayetaka kuhamia huko kwa kawaida hufungua simu, huandika jina la mji na neno uhalifu, na tovuti fulani humpa alama: mji huu ni salama kuliko asilimia kadhaa ya miji ya Marekani. Alama hiyo usiitumie. Tovuti nyingi za aina hiyo hukadiria kwa kompyuta pale takwimu zinapokosekana, na hazikwambii wapi zimekadiria. Hesabu unaweza kuipiga mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Anza na takwimu za polisi

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya takwimu za uhalifu ya FBI, ambayo ni ya bure na ina ukurasa wa kila idara ya polisi inayopeleka taarifa. Idara ya Usalama wa Umma ya Maine nayo hutoa ripoti ya jimbo kila mwaka. Chukua idadi ya matukio ya miaka mitano, si mwaka mmoja, na uyaandike kwa makundi mawili. Kundi la ukatili lina mauaji, ubakaji, unyang'anyi na shambulio la kudhuru. Kundi la mali lina uvunjaji wa nyumba, wizi wa kawaida na wizi wa magari.

Kiwango hupatikana hivi: idadi ya matukio, gawanya kwa idadi ya wakazi, zidisha kwa 100,000. Tuseme mji wa watu 37,000 umeandikisha nyumba 74 zilizovunjwa kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha 200. Mwaka unaofuata zikiwa 88, kiwango kinapanda hadi 238, na gazeti litaandika kwamba uvunjaji umeongezeka kwa asilimia 19. Kabla ya kuogopa, tafuta kipeo cha pili cha 74, ambacho ni kama 8.6. Kizidishe kwa mbili upate 17. Maana yake ni kwamba, hata kama hakuna kilichobadilika mtaani, idadi inaweza kuyumba kati ya 57 na 91 kwa bahati tu. Ile 88 imo ndani. Kwa miji midogo hesabu hii fupi inafaa kuliko kichwa chochote cha habari.

Kwa kulinganisha, kiwango cha Marekani nzima mwaka 2023 kilikuwa takribani 364 kwa ukatili na takribani 1,917 kwa mali, kwa kila watu 100,000.

Sasa angalia tarakimu za kundi dogo zinavyoweza kudanganya. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 18 katika ukumbi wa mchezo wa bowling na baa mjini Lewiston. Gawanya 18 kwa wakazi 37,121 na utapata kiwango cha mauaji cha zaidi ya 48, wakati cha nchi nzima mwaka huo kilikuwa karibu 6. Muuaji hakuwa mkazi wa Lewiston, na waliouawa wengine walitoka miji ya jirani. Msiba ni wa kweli, lakini tarakimu hiyo haimwambii mpangaji chochote kuhusu ngazi za nyumba yake. Ukikuta tovuti inayoiweka Lewiston karibu na kilele cha orodha ya miji hatari kwa sababu ya mwaka 2023, unajua imekosea wapi.

Mitego mingine ya takwimu ni hii:

– Mwanzoni mwa 2021 FBI iliacha mfumo wa zamani na kudai taarifa kwa mfumo mpya wa NIBRS. Idara kubwa, zikiwemo za New York na Los Angeles, hazikuwa tayari, kwa hiyo jumla ya taifa ya mwaka huo ni makadirio yenye mashimo. Usiitumie kama kipimo.

– Mfumo wa zamani ulihesabu kosa kubwa pekee katika tukio moja. Mpya unaandika hadi makosa 10. Mtu akivunja nyumba na kumpora aliyemo, zamani lilikuwa kosa moja. Ukilinganisha hesabu ghafi za pande mbili za mabadiliko hayo, utaona uhalifu "umeongezeka" ilhali kilichoongezeka ni uandishi.

– Kiwango hugawanywa kwa idadi ya wakazi, lakini wanaoibiwa si wakazi peke yao. Ng'ambo ya mto kuna Auburn, mji wa watu takribani 24,000 wenye maduka makubwa yanayohudumia eneo zima. Kila anayekamatwa na bidhaa dukani huingia katika kiwango cha Auburn, hata kama ametoka kwingine. Kwa hiyo wizi wa kawaida usiuchanganye na uvunjaji wa nyumba. Kinachomhusu mpangaji ni uvunjaji wa nyumba, wizi wa magari na unyang'anyi wa barabarani.

– Ukatili mwingi hautoki kwa mtu asiyejulikana. Kwa miaka mingi takribani nusu ya mauaji ya Maine yamekuwa ya ndani ya familia au uhusiano wa kimapenzi. Kuhama mtaa hakumlindi mtu na hatari inayolala naye nyumba moja. Huyo anahitaji amri ya mahakama ya kumlinda na simu ya msaada.

Na kumbuka polisi huandika wanachoambiwa. Uchunguzi wa serikali kuu unaowauliza wananchi wenyewe, ulioanza 1973, huonyesha kwamba chini ya nusu ya matukio ya ukatili hufikishwa polisi, na kwa wizi wa mali ni kama theluthi tu. Mtaa wa watu wanaoogopa polisi utaonekana mtulivu kwenye karatasi.

Kutoka mji hadi anwani

Kiwango cha mji mzima hakina anwani. Katika miji mingi ya ukubwa huu, matukio hurundikana kwenye vipande vichache vya barabara, mara nyingi majengo machache tu. Kwa hiyo, ukishapata nyumba, iulizie nyumba yenyewe. Sheria ya Maine ya uhuru wa kupata taarifa inakuruhusu kuiandikia idara ya polisi na kuomba orodha ya simu zilizopigwa kuhusu anwani hiyo na majengo ya jirani kwa miezi 24. Taja namba ya nyumba na barabara, tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Ofisi inapaswa kukujibu kwamba imepokea ombi ndani ya siku 5 za kazi. Orodha yenyewe inaweza kuchukua muda zaidi, basi usisubiri wiki ya kuhama.

Orodha ikija, usihesabu mistari. Simu kwa polisi si uhalifu: humo kuna wagonjwa waliohitaji gari la wagonjwa, kengele zilizolia bure, magari yaliyoegeshwa vibaya wakati wa kuondoa theluji. Tafuta kinachojirudia. Ugomvi sita kwenye ghorofa ileile, au simu za saa nane usiku kila mwisho wa wiki, zina uzito kuliko wizi mmoja wa baiskeli.

Kisha nenda kwa miguu mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi watoto wakisubiri basi la shule, jioni baada ya giza, na Jumamosi usiku. Desemba jua huzama kama saa kumi alasiri, kwa hiyo "baada ya giza" ni saa ambayo mtoto bado yuko njiani kutoka shule. Nyumba nyingi za katikati ya mji, kwenye barabara zilizopewa majina ya miti karibu na bustani ya Kennedy, ni za mbao, ghorofa tatu au nne, zenye vibaraza na ngazi za nyuma. Mlango wa mbele wa jengo uvute bila ufunguo. Ukifunguka, kila mtu anafika mlangoni pako. Angalia visanduku vya barua, vingapi vimevunjwa vifuniko. Zunguka nyuma uone kama taa ya ngazi inawaka na kama mlango wa chumba cha chini ya ardhi unafungika. Halafu inamisha kichwa uangalie ukingo wa barabara: vioo vya madirisha ya gari vikivunjwa hubaki vipande vya mraba, kama punje za mahindi. Kirundo kimoja ni bahati mbaya ya mtu. Virundo vitatu kwenye barabara moja ni mazoea.

Jirani mzungumzaji wa Kiswahili muulize pia, lakini si kwa kusema "Hapa kuna usalama?" Atakujibu "salama tu", kama tunavyojibu wote hata nyumba ikiwaka. Msalimie, kisha uliza vitu vyenye umbo: Mama, mzigo ukiachwa mlangoni unakaa hadi jioni? Gari mnalifunga usiku? Mwenye nyumba akiambiwa kitasa kimeharibika, anachukua siku ngapi? Mama wa ghorofa ya chini anajua kuliko ripoti yoyote.

Mlango

Kabla ya kusaini, muulize mwenye nyumba kama kitasa kilibadilishwa alipoondoka mpangaji wa mwisho. Sheria ya Maine inakuruhusu kubadilisha kitasa mwenyewe mradi umjulishe mwenye nyumba na kumpa ufunguo wa pili ndani ya saa 48. Fanya kwa maandishi.

Komeo zuri ni lile linalotoka milimita 25 kamili. Hata hivyo, mlango unaopigwa teke kwa kawaida haupasuki kwenye komeo. Hupasuka kwenye fremu, pale penye kibati kinachopokea komeo, kwa sababu kiwandani kimefungwa kwa skrubu za sentimita 2 ambazo zimeshika ubao mwembamba wa msonobari tu. Skrubu za milimita 75 hupita fremu na kushika nguzo ya ukuta. Kazi ni ya nusu saa:

1. Fungua skrubu za zamani. Kama kibati ni chembamba cha skrubu mbili, nunua kizito cha skrubu nne.
2. Toboa njia kwa keekee ya milimita 3, ukiielekeza kidogo upande wa ukuta. Usipotoboa, ubao mkavu wa miaka 100 utapasuka.
3. Kaza skrubu moja, funga mlango, jaribu komeo. Kisha ya pili, jaribu tena. Ukikaza zote kwa pupa, fremu huvutwa kuelekea ukutani, na komeo halitaingia vizuri tena.
4. Kwenye kila bawaba badilisha skrubu moja ya upande wa fremu kwa ndefu.

Usifunge komeo linalohitaji ufunguo kwa ndani, hata mlango ukiwa na kioo. Nyumba za zamani za mbao mara nyingi zina kuta zenye uwazi unaopanda kutoka chini hadi paani bila kizuizi, na moto hupanda humo kama kwenye dohani. Mwaka 2013 mfululizo wa moto ndani ya siku chache ulifanya watu takribani 200 wa katikati ya Lewiston kukosa makazi. Ufunguo hautafutwi kwenye moshi.

Dirisha la kupandisha juu hulindwa kwa msumari: toboa tundu la milimita 6, likishuka kidogo, kupitia fremu ya ndani hadi nusu ya fremu ya nje, zinapokutana. Ingiza msumari mwembamba zaidi unaochomoka kwa vidole. Kaa mbali na kioo. Ila nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na Lewiston ni miongoni mwa miji iliyoathirika sana na sumu hiyo kwa watoto. Watoto watoke chumbani, lowesha mahali kabla ya kutoboa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji na ukitupe. Usifagie.

Gari na simu

Wizi rahisi kuliko wote wa majira ya baridi ni gari linalounguruma nje bila mtu, ufunguo ndani, likipashwa joto. Zima, kwangua barafu kwa mkono. Kia na Hyundai nyingi za kati ya 2011 na 2022 zinazowashwa kwa ufunguo wa chuma hazina kifaa cha kuzuia injini isiwashwe bila ufunguo wake. Kama unayo, kaiombe programu mpya kwa wakala, ambayo ni ya bure, na weka pingu ya usukani.

Lewiston na Auburn zina kituo kimoja cha simu za dharura za 911. Ukipokelewa sema "Swahili" kwanza, usikate simu wakati mkalimani anaunganishwa, na anza na anwani: namba, barabara, ghorofa, mbele au nyuma. Ukipiga kwa makosa, baki uwaambie ni makosa, kwani wakikuta umekata watakupigia au kumtuma askari. Hata wizi mdogo ripoti, uchukue namba ya taarifa. Kampuni ya bima ya mpangaji huiomba kabla ya kulipa. Na namba ya nyumba iwe juu ya kimo cha theluji, tarakimu za sentimita 10 au zaidi, isomeke kutoka barabarani usiku.