Jinsi ya Kucheza Latrunculi, Mchezo wa Vita wa Warumi

Chora ubao wa miraba 64, nane kwa nane, kisha kila mchezaji apange kete 16 za rangi yake katika safu mbili zilizo karibu naye. Mbao za kale zilitofautiana ukubwa, na kwa kuwa hakuna mwandishi wa Kirumi aliyetuachia kanuni zote, mpangilio huu umejengwa upya na watu wa zama zetu.

Kete husogea kwa mstari ulionyooka, mbele, nyuma au kando, lakini kamwe si kimshazari. Kiini cha mchezo, ambacho mshairi wa Kirumi Ovid alikitaja katika mashairi yake na ambacho mwandishi wa Kigiriki Pollux alikieleza alipozungumzia polis, mchezo wa Wagiriki, ni kula kete ya adui kwa kuibana kati ya kete zako mbili. Kwa hiyo usitume kete peke yake katikati ya ubao. Zisogeze mbilimbili, zikilindana, huku ukimvuta mpinzani atawanye zake. Hapa ndipo penye utamu wote, na panastahili subira.

Anayebakiwa na kete moja ameshindwa.