Kidole Kidogo Hakimo: Nilivyoamua Kupasuliwa Mkono

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 sasa. Mkono wa kulia ndio unaonilisha, kwa hiyo daktari aliponitajia kisu kwa ajili ya neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, ugonjwa uitwao carpal tunnel syndrome, nilichukua miezi minane kumjibu. Mitano ilikuwa na maana. Mitatu ilikuwa woga mtupu, na hiyo ndiyo nisingependa uirudie.

Kwanza hakikisha ugonjwa ndio wenyewe. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu yake umekazwa ukano mpana kama mkanda. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole, na neva ya mediani imejibana katikati yao. Pakivimba kidogo tu, neva ndiyo inayoumia. Hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole kidogo hakimo. Basi usiku ukiamka mkono umekufa ganzi, unaukung'uta, chora palipo na ganzi. Mimi nilichora kwa chaki ya kukatia nguo. Kama kidole kidogo nacho kinalalamika, au maumivu yanashuka kutoka shingoni, mweleze daktari kabla hamjafika mbali, maana shida inaweza kuwa kwingine kabisa. Pima pia sukari na tezi ya thairoidi. Na kama una mimba, usikimbilie kisu: mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua.

Kisha upe mkono nafasi ya kupona bila kupasuliwa. Nilivaa banzi, kigango cha kuushikilia mkono, kila usiku kwa wiki 6, kifundo kimenyooka, kwa sababu tukilala tunakikunja bila kujua na njia inazidi kubana. Ilisaidia nusu. Nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nikapata miezi mitatu ya raha, halafu ganzi ikarudi kama mdai. Kwa mtu ambaye ganzi yake huja na kuondoka, hatua hizi zinatosha kujaribiwa bila haraka.

Sasa mtego ulioninasa. Maumivu ya usiku yalianza kupungua, nikalala, nikajisifu kwamba napona. Lakini pini zilikuwa zinaniponyoka mezani, na vifungo vya shati nilivishona kwa kuvitazama, si kwa kuvigusa. Ganzi ilikuwa imehamia, haiendi tena. Daktari akaniambia, "Mama, funga macho," akapitisha pamba kwenye ncha za vidole. Nikasema bado hajaanza. Alikuwa ameshamaliza vitatu. Akaniwekea viganja viwili sambamba: ile nyama ya chini ya kidole gumba, kushoto ilikuwa imetuna, kulia imebonyea kama mto uliopungua pamba. Akakisukuma chini kidole gumba changu nikijaribu kukiinua, na hakikubisha hata kidogo. Kipimo cha umeme wa neva kilithibitisha tu.

Kwa hiyo usipime uamuzi kwa maumivu. Uliza: ganzi yako imekaa, haiondoki hata mchana? Nyama ya kidole gumba imepungua? Vitu vinakudondoka? Jibu likiwa ndiyo, kusubiri kuna gharama yake, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi yote hata ikifunguliwa.

Upasuaji wenyewe ni mdogo kuliko hadithi zake. Nilichomwa sindano ya ganzi kiganjani, nikawa macho, ule ukano ukakatwa ili neva ipumue. Haikufika nusu saa. Nyuzi zilitolewa siku ya 12 (mshono wa daktari yule, nisingempa kazi ya kola). Lakini muulize waziwazi kuhusu hatari: kidonda kuingia wadudu, kovu kuuma, neva kujeruhiwa, ambayo ni nadra, au ukano kutokatwa wote. Muulize pia amefanya mangapi ya namna hii. Hakuna adabu inayovunjika hapo.

Jipangie kazi kwa ukweli. Wiki ya pili nilikunja vidole na kushika kijiko, ila kujiinua kitini kwa kiganja kuliniuma karibu miezi mitatu, na mkasi mzito niliuacha muda huo huo. Kabla ya siku yenyewe jizoeze mkono wa pili kupiga mswaki na kufunga vifungo. Kama yote miwili inaumwa, mimi ningesema mmoja kwanza; fikiria tu msalani.

Usiku wangu ulitulia wiki ile ile. Ganzi ya kidole gumba na cha kati iliondoka taratibu, kama miezi sita. Nyama iliyobonyea bado imebonyea. Na ncha ya kidole cha shahada mpaka leo ni kama nimeivalisha kastabini: natunga uzi kwenye sindano, ila nautazama.