Anzia mkiani: jinsi ya kuyaelewa majina ya Kijapani kwenye karate, judo na aikido

Karatasi ya mtihani wa mkanda hujaa majina marefu, na wanafunzi wengi huyakariri kama kasuku. Hilo husaidia mpaka siku mwalimu anapotamka jina bila kuonyesha mbinu. Majina yale yote ni vipande vichache vinavyopangwa na kupangwa upya. Ukivijua vipande, hata jina ambalo hujawahi kulisikia utalifumbua mwenyewe. Huu ndio utaratibu ninaoutumia na wanafunzi wapya.

Hatua ya 1: Rekebisha matamshi

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu irabu za Kijapani ni zilezile tano tulizozizoea. Kazi iko kwenye urefu wake. Kama kufa si kufaa, basi o fupi si o ndefu: jodan husemwa "joodan", chudan ni "chuudan", dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ni "doojoo". Gedan haina irabu ndefu. Usikaze silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyofanya kwenye lugha yetu. Zipe silabi zote uzito mmoja, ka-ra-te. Penye konsonanti mbili, kama ippon, zuia pumzi kidogo kabla ya kuachia p. Halafu kuna i na u zinazomezwa zikikaa kati ya konsonanti kavu, kama k, s na t: tsuki, yaani pigo la ngumi, husikika kama "tski".

Utani tuumalize mapema. Ndiyo, mwamuzi wa judo husimamisha pambano kwa kupaza sauti "mate!", kuna mbinu zinazoishia na "gari", na "kata" haikati chochote. Cheka siku ya kwanza, kisha endelea.

Hatua ya 2: Jifunze amri kwa mpangilio wa kipindi

Usizipange kwa alfabeti; zifuate zinavyokuja. Mnajipanga mstari, mnaamriwa seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino. Mokuso: fumba macho, tulia. Rei ni kuinama kwa heshima, na neno linalotangulia huonyesha unamwinamia nani: shomen ni rei kuelekea mbele ya ukumbi, sensei ni rei kwa mwalimu, otagai ni rei kwa wenzako. Kabla ya kuanza mnasema onegaishimasu (tafadhali); mkimaliza, arigato gozaimashita. Lile -mashita la mwisho ni wakati uliopita, kwa kuwa mnashukuru kwa kazi iliyokwisha.

Katikati ya mazoezi utasikia yoi (kaa tayari), hajime (anza), yame (acha), mawatte (geuka), migi (kulia) na hidari (kushoto). Ukiitwa, jibu hai (ndiyo). Osu, itikio jingine, hupendwa kwenye karate nyingi, lakini kuna kumbi za judo na aikido wasiolitumia kabisa, kwa hiyo ukiwa mgeni hai ndiyo salama. Na sensei ni heshima unayopewa na wengine, hujiiti sensei.

Hatua ya 3: Namba, na vituko vyake

Ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju. Hizo ni za kuhesabia mapigo. Nje ya hapo, nne huwa yon, saba huwa nana, tisa huwa kyu, na sababu mojawapo ni kwamba shi husikika sawa na neno la kifo. Ndiyo maana daraja la nne la mkanda mweusi ni yondan. La kwanza haliitwi ichidan bali shodan, kutoka neno la mwanzo. Madaraja ya kyu, yaani ya kabla ya mkanda mweusi (si ile kyu ya tisa), hushuka kuelekea moja. Ya dan, yaani ya mkanda mweusi, hupanda.

Ippon ni ichi na hon, neno la kuhesabia, zilizoungana. Ukitaka mbili ni nihon, tatu ni sanbon, tano ni gohon, na kwa njia hiyo mazoezi ya kumite (kupambana na mwenzako) ya hatua tano huitwa gohon kumite. Angalia pia mchezo unaoutazama: alama ya ippon kwenye judo humaliza pambano palepale, ilhali kwenye karate ya mashindano ya WKF (Shirikisho la Karate Duniani) ni pointi 3 tu, waza-ari ikiwa 2 na yuko 1.

Hatua ya 4: Soma jina kutoka mwisho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Sisi tunasema teke la mbele: kitu kwanza, sifa baadaye. Kijapani hugeuza, kwa hiyo shika neno la mwisho kwanza. Mae-geri: geri ni teke, mae ni mbele. Badilisha kichwa tu, mkia ubaki: yoko-geri ni la pembeni, ushiro-geri la nyuma, mawashi-geri la kuzungusha. Ukiongeza jodan (usoni), chudan (kiwiliwili) au gedan (chini), umepata shabaha pia.

Judo ndiyo inayonifurahisha zaidi. Gari ni kufyeka, kama mtu anavyofyeka majani. O ndefu ni kubwa, ko ni ndogo, soto ni nje, uchi ni ndani. Kwa vipande hivyo vitano unapata mbinu nne kamili: o-soto-gari, o-uchi-gari, ko-soto-gari, ko-uchi-gari. Mkia pia hukueleza kazi ya mguu. Gari hufyeka mguu uliobeba uzito. Barai hufagia ule unaotembea, na ndiyo maana de-ashi-barai, kufagia mguu unaojitokeza, humwangusha mtu akiwa bado anahamisha uzito. Mtazamaji ataona ngwala zote mbili ni moja. Jina linakataa.

Mikia mingine ya kuweka akilini: nage (kutupa), otoshi (kudondosha), goshi (nyonga), gatame (kubana), jime (kukaba), dachi (msimamo), uke (kukinga).

Hatua ya 5: Zoea sauti zinazobadilika

Keri peke yake ni teke, lakini ndani ya jina ndefu ni geri. Tsuki huwa zuki, harai huwa barai, koshi huwa goshi, tachi huwa dachi, katame huwa gatame, shime huwa jime. Si maneno mapya. Kiswahili nacho hufanya mambo kama hayo: ulimi, ndimi. Ila hakuna sheria ya kutegemea moja kwa moja. Harai-goshi ina harai safi kwa sababu imekaa mbele. Neno likikaa mkiani, tarajia sauti nzito.

Hatua ya 6: Mitego

Kata ni mfululizo wa mbinu uliopangwa. Kwenye kata-guruma ya judo ni bega. Kwenye katate-dori ya aikido ni upande mmoja, na te ni mkono: kushikwa mkono mmoja. Maandishi ya Kijapani huzitenganisha. Herufi zetu haziwezi.

Uke kwenye karate ni kinga, kwenye judo na aikido ni mtu anayefanyiwa mbinu. Zote zatoka kwenye kupokea, na ukemi, ufundi wa kuanguka, imo ukoo huohuo. Mtego mbaya zaidi ni soto-uke. Kwenye Shotokan, mtindo mmoja wa karate, mkono hutoka nje kuja ndani. Mitindo mingine hutumia jina hilo kwa mkono unaokwenda nje. Ukihama ukumbi, uliza kabla hujakinga upande usiofaa.

Hatua ya 7: Jipime

Chukua silabasi ya mkanda unaoutaka, kata kila jina kwa vistari, piga mstari chini ya mkia. Kisha mwombe mwenzako ataje majina bila kuonyesha, nawe utende huku ukitamka. Kusoma ukiwa umekaa hakutoshi. Mguu nao lazima ulisikie neno.

Jaribu haya matatu kabla hujasoma majibu: ushiro-mawashi-geri, ryote-dori tenchi-nage, ko-soto-gake.

La kwanza ni teke la kuzungusha kwa nyuma. La pili ni la aikido, ambako shambulio hutajwa kwanza na jibu hufuata: umeshikwa mikono yote miwili, unatupa kwa mbingu na ardhi, mkono mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. La tatu lina mkia mpya, gake, kutoka kake, kunasa. Ko-soto umeshaijua: ndogo, kwa nje. Kwa hiyo unaunasa mguu wa mpinzani kwa nje badala ya kuufyeka.