MGB nyumbani: anza na kabureta

Kama una MGB, zile gari ndogo za michezo zilizoundwa Abingdon Uingereza 1962 hadi 1980, usikimbilie fundi kila ikisumbua, mambo mengi unayamaliza mwenyewe hapo hapo nyumbani. Mi naanzaga na kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, aina ya SU, ziko mbili, kila moja ina kifuniko kidogo juu, kifungue kwa mkono uvute kile kijiti chake, weka oili ya injini ya 20W-50 kidogo kidogo afu rudisha kijiti taratibu, ukisikia kinakaza kabla hakijakaa basi inatosha. Oili ikiisha humo gari inasita ukikanyaga mafuta, watu wanabadilisha plagi bure!

Grisi nayo, kila tairi la mbele lina nipo 3 (vichuchu vya kuingizia grisi) kwenye kingipini, ile pini tairi linapogeukia, piga mpaka grisi chafu itoke, futa na kitambaa. Zile za zamani zina betri 2 za volti 6 nyuma ya siti, zicheki.

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu wakati wa baridi inakula bodi vibaya sana, kwa hiyo osha chini, hasa kwenye vizingiti vya milango. Jua likitoka shusha paa la turubai, pita njia za vijijini polepole, sikiliza ule mngurumo.