Unaenda kusaidia timu ya rali wikendi hii? Jiandae hivi

Timu nyingi za rali hapa Nairobi si kampuni. Ni dereva mwenye kazi yake ya Jumatatu hadi Ijumaa, navigeta (anayekaa kando yake na kumsomea njia) ambaye ni shemeji yake au rafiki wa tangu shule, fundi mmoja anayelipwa, na marafiki kadhaa wanaojitolea. Gari lenyewe mara nyingi ni Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer lililokwishapita mikononi mwa wengi. Hakuna aibu hapo: Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imekimbizwa na wengine.

Ukiitwa kusaidia, usiogope kwamba wewe si fundi. Kazi ya msaidizi ni kuhakikisha fundi hatafuti kitu. Kila mara anapoinua kichwa kuuliza, "Spana ya 14 iko wapi?", muda wa gari unaliwa. Hapa nafuata mfano wa mbio za klabu za siku moja upande wa Kajiado, lakini utaratibu ni uleule hata mkienda Machakos au Nakuru.

Hatua ya 1: Mapema wiki hiyo, uliza utasimama wapi

Mpigie kiongozi wa timu Jumatatu au Jumanne. Kabla ya kuuliza uje na nini, uliza utasimama upande gani gari likiingia sevisi, yaani mahali timu inapolihudumia gari katikati ya mbio. Timu iliyojipanga itakujibu moja kwa moja: "Wewe ni magurudumu ya kushoto," au, "Wewe ni mafuta na vioo." Ukijibiwa, "We njoo tu, kazi haikosi," basi jichagulie kazi moja na umwambie: magurudumu, petroli, saa, au chakula. Watu watatu wanaolizunguka gari bila kazi maalum huzuiana njia na kukanyagiana vifaa.

Uliza pia ni nani anayetoa amri ya kushusha gari kutoka kwenye jeki. Lazima awe mtu mmoja, na nyote mumjue. Kisha omba nakala ya ratiba ya waandaaji, utie alama kwenye saa za gari kuingia na kutoka sevisi.

Hatua ya 2: Alhamisi jioni, pitia gereji

Hata kama gereji ni uani kwa dereva kule South B, nenda. Fungua kila sanduku, toa vitu, virudishe kwa mpangilio, na uandike juu yake kwa kalamu nene: BREKI, UMEME, MIPIRA NA KLIPU, MAFUTA NA GRISI. Tenga sanduku moja dogo la vitu vinavyohitajika haraka kuliko vingine: waya wa kufungia, tepe ngumu, vifungo vya plastiki, gundi ya chuma, fyuzi, tochi ya kichwani, glavu na matambara safi. Sanduku hilo ndilo litakaloshuka kwanza kwenye pikapu.

Vipuri vikubwa, kama shokabsoba, shafti za magurudumu na mikono ya sospensheni, fundi ndiye atakayevichagua. Wewe hakikisha vipo na boliti zake zipo. Vitatu hivi vikague mwenyewe:

Filta ya hewa. Vumbi la Kajiado huiziba upesi, na injini isiyopata hewa ya kutosha hupoteza nguvu. Beba ya akiba.

Mafuta ya breki. Chupa iwe mpya, ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Kwa daraja la DOT 4, yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji ya kutosha, joto hilo la kuchemka linaweza kushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya mfumo, kanyagio huzama na gari halisimami. Ile chupa nusu iliyokaa rafuni tangu mwaka jana iache nyumbani.

Mfuniko wa rejeta. Kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1,700 maji hayasubiri nyuzi 100, huchemka kwenye 94 hivi. Kinachoyazuia ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko huo. Mpira wake ukiwa umepasuka, nunua mwingine. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, hata mtu akikuhimiza.

Kama kuna cha kununua, nenda Kirinyaga Road mapema, na ubebe kile cha zamani mkononi. Muuzaji ataweka viwili kando kwa kando kwenye kaunta na mtahesabu meno au matundu pamoja. Maelezo ya mdomo ndiyo huleta mpira wa rejeta uliopungua sentimita mbili.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya magurudumu

Hapa ndipo ningekutaka utumie muda mwingi, kwa sababu ndiyo kazi anayopewa mgeni na ndiyo inayoweza kuua mtu ikifanywa vibaya. Rudieni gereji, gari likiwa limepoa, mpaka mikono izoee.

Weka kizuizi nyuma ya tairi ambalo halitainuliwa. Siku ya mbio breki huingia zikiwa za moto sana, hivyo dereva hatavuta breki ya mkono. Kizuizi ndicho kitakachoshikilia gari. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Inua kwa jeki mahali fundi alipokuonyesha, kisha weka stendi. Hakuna kiungo cha mwili kinachoingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Nati zikitoka, zitie kwenye kopo. Ukiziweka chini zitaokota mchanga, na mchanga ukiingia kwenye nyuzi za boliti, nati itakaza kabla haijafika inapotakiwa. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari lidondokee mpira.

Kabla ya kuweka jipya, tazama ndani kwa utulivu. Je, buti ya shafti (mpira unaofunika kiungo chake) imechanika na grisi imerukia rimu? Bomba la breki limesuguliwa? Kuna jiwe limekwama nyuma ya diski? Mwambie fundi ulichoona kwa maneno machache, naye ataamua.

Rudisha gurudumu, anza kila nati kwa vidole, kisha kaza kwa mtindo wa nyota: moja, ruka ya jirani, nenda ya mbali. Gari likishuka, malizia kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Magari mengi ya aina hii hutaka kati ya Nm 90 na 120, ila fuata kipimo cha gari lenu na cha boliti mlizofunga. Tia alama ya rangi kwenye kila nati uliyokaza, useme kwa sauti: "Kushoto mbele tayari!" Bila sauti hiyo, mtoa amri hana njia ya kujua.

Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, asubuhi. Yakishakimbia yanapata joto na kipimo kinapanda.

Hatua ya 4: Petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda kutafuta moto mahali usipopatazamia: jiko la chai, sigara ya mpita njia. Jerikeni ikijazwa kituoni, ishushe kwenye sakafu kwanza. Usiijaze ikiwa ndani ya pikapu, kwa kuwa umeme tuli unaweza kutoa cheche. Gari hujazwa pale tu waandaaji waliporuhusu, injini imezimwa, hakuna mtu chini yake, na mtu mmoja amesimama na mtungi wa kuzima moto, pini tayari mkononi. Mtungi uwe wa povu au poda. Maji hueneza moto wa petroli.

Hatua ya 5: Mkoba wako

Ovaroli ya pamba, viatu vilivyofunika vidole, kofia, sweta ya alfajiri, maji mengi. Pete na cheni ziache nyumbani. Beba pesa taslimu kidogo, kwani mtandao hukatika huko na M-Pesa hukwama.

Hatua ya 6: Safari

Ondokeni Ijumaa kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo foleni ya Mombasa Road na Kitengela itakula jioni yenu yote. Mkishaendesha kidogo, simameni mkaze tena mikanda ya trela, maana hulegea.

Mkifika, kumbukeni kwamba uwanja huo ni malisho ya watu. Wasalimuni wazee mnaowakuta, na kila lango mlilolifungua mlifunge. Tandikeni turubai chini ya gari kabla ya boliti ya kwanza kuguswa, ili mafuta yasimwagike kwenye nyasi.

Hatua ya 7: Gari likiingia

Kanuni za kimataifa za rali huadhibu kuchelewa kituo cha muda (mahali gari linaporekodiwa saa ya kufika) kwa sekunde 10 kwa kila dakika, na kuwahi kwa dakika nzima kwa kila dakika. Kwa hiyo mtu wa saa atangaze: "Zimebaki kumi! Tano! Mbili!" Zikibaki tano, hakuna kazi mpya inayoanzishwa.

Fundi mkuu peke yake ndiye anayemuuliza dereva hali ya gari. Wengine nyamazeni. Wape dereva na navigeta chupa ya maji iliyokwishafunguliwa na chakula cha mkono mmoja: chapati iliyokunjwa, yai lililomenywa, ndizi. Futa vioo na taa kwa kitambaa kisicho na grisi.

Gari likikwama kwenye steji, yaani kipande cha barabara kinachokimbiwa kwa kupimwa muda, kaa sevisi. Wenyewe ndani ya gari wanaweza kulitengeneza kwa vifaa walivyobeba, lakini ukiwapelekea spana pembeni ya barabara unaweza kuwatoa mashindanoni. Wakihitaji daktari wataonyesha ishara ya SOS, na waandaaji wana watu wa kuwafikia.

Hatua ya 8: Kabla ya kurudi mjini

Hesabu spana zikirudi sandukuni. Iliyokosekana huenda imelala juu ya injini. Mafuta machafu yatieni kwenye jerikeni yake, mrudi nayo. Okoteni kila kipande cha plastiki. Kisha, kabla uchovu haujakushinda, andika kwenye daftari kila kilichotumika na kila ulichoona kimelegea au kinavuja, gurudumu kwa gurudumu. Orodha hiyo impate fundi Jumatatu, kabla hajaanza kulifungua gari.