Bibi asimulie akiwa shambani
Kama bibi yako yuko Newala au Tandahimba, huku Mtwara, na unataka historia ya familia, usimhoji sebuleni. Mwombe ruhusa ya kumrekodi, kisha nenda naye shambani msimu wa korosho, muokote pamoja. Kila mkorosho muulize: nani aliupanda, nani alizaliwa msimu ule? Miaka usimdai, mpe matukio: Uhuru wa 1961, au vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, familia nyingi zilipohamishwa mbali na mikorosho yao. Hapo ndipo mengi hutoka. Usisahau maji, kinamama wa huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, walishuka mabondeni kuyateka wakapanda nayo kichwani. Akiingia Kimakonde, mwache atiririke. Majina yaandike siku hiyohiyo, upepo huyameza kwenye simu.