Farasi na maji ya kroskantri: ingia wewe kwanza

Vaa gambuti. Hilo ndo la kwanza kabisa, kabla ya mengine yote. Mkienda kukagua njia ya kroskantri, yaani mbio za farasi za kuruka viunzi mashambani, wewe saisi na mpandaji wako, mkifika kwenye maji msisimame ukingoni mkapiga picha na kuondoka, ingieni. Tembea mstari ule ule atakaopita farasi, kuanzia pale atakapotua mpaka pale atakapotokea, na ukanyage kwa nguvu hasa. Kama chini ni kokoto iliyoshindiliwa vizuri utasikia ugumu wa namna moja njia nzima. Ukisikia kisigino kinazama, au hatua moja ngumu inayofuata laini, simama hapo hapo umwonyeshe mpandaji, maana farasi wa kilo 500 na mtu mgongoni akitua na mguu wa mbele ukang'ang'aniwa na tope hata kidogo tu, mguu unabaki nyuma mwili unaenda.

Watu wengi wanaogopa kina. Kina si kikubwa, sheria za FEI, yaani shirikisho la dunia la michezo ya farasi, zinasema maji yasizidi sentimita 35, hayo hata magoti yako hayafiki. Shida iko chini, mahali ambapo jicho halioni. Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 kiunzi cha nne kilikuwa dimbwi, chini yake laini, farasi 46 wakafika pale na 18 wakaanguka, wengine 10 wakawamwaga wapandaji wao. Mjerumani mmoja, Konrad von Wangenheim, alivunjika mtulinga pale pale, akapanda tena akamaliza, na mpaka leo watu wanamsifu kwa ushujaa. Mimi nikisoma habari ile nawafikiria wale farasi, walioambiwa ruka wakaruka, wakaamini kuna ardhi.

Basi kagua, na ukague mara mbili. Mvua ikinyesha usiku rudi asubuhi na fimbo upime tena. Na kama mpandaji wako anaondoka mwishoni, baada ya farasi thelathini arobaini kutua pale pale, nenda kaangalie wenzake wanavyotua, kwa sababu sehemu ile inachimbika, na mstari uliokuwa mzuri jana jioni pengine leo inabidi usogee mita moja kushoto.

Sasa farasi mwenyewe. Macho yake yako pembeni ya kichwa, pale mbele ya pua yake karibu kabisa haoni, na juu ya maji kuna mng'ao, hawezi kujua ni sentimita 20 au ni kisima. Kwa hiyo kila farasi anayeingia majini anaingia kwa kukuamini wewe. Imani hiyo inajengwa polepole sana na inabomoka kwa siku moja, nimeona farasi hodari aliyetishwa mara moja tu akakaa msimu mzima hasogelei hata dimbwi la barabarani.

Kumfundisha, anza na vidimbwi vya mvua. Kweli, vile vya njiani. Apite kwa kutembea, kila siku, asikwepe pembeni. Halafu mtafutie maji mafupi yenye mteremko wa pole wa kuingilia na chini pagumu, na umtangulize farasi mzee anayejua kazi, mdogo afuate mkia wake. Akisimama ukingoni mwache anuse, apulize, atazame, hata dakika kumi. Usimpige. Ukimpiga pale ukingoni atajifunza kwamba maji na kiboko ni kitu kimoja, au atafanya lile baya zaidi, atajirusha katikati kwa woga, mruko mkubwa, na akitua hivyo maji yanamkamata miguu anapiga pua. Unataka aingie kama anayeingia jikoni kwao. Akiwa ndani atembee, asimame, umsifu, ila akianza kuchota maji kwa kwato ya mbele msogeze haraka, maana kinachofuata hapo ni kulala agaegae na tandiko lako.

Akishazoea kutembea, troti, ule mwendo wa mchapuko. Halafu kutoka kwa kupanda kingazi kidogo, kisha ndo kushuka kingazi kuingia, kile kidogo kabisa, na hapo kaa siku nyingi. Gogo mbele ya maji linakuja mwisho. Wale farasi wanaotoka kwenye mbio, na sisi tuliofanya kazi uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kule Nairobi tunawajua, wamezoea nyasi na kasi, kuwapeleka polepole ni kazi kweli, kwao nawaongezea muda mara mbili.

Siku ya mashindano kinachoua ni kasi mbaya. Kwenye mashindano ya nyota tano, daraja la juu kabisa, farasi anatakiwa aende mita 570 kwa dakika, lakini hiyo ni ya njia nzima, hakuna mwenye akili anayeingia lile ziwa la mashindano ya Badminton, au maji ya Trout Hatchery kwenye mashindano ya Burghley, yote Uingereza, kwa shoti hiyo. Maji yanakamata miguu kama mtu amekushika suruali. Na maji yanaruka usoni, kwa sekunde ile farasi na mpandaji wote hawaoni kitu. Punguza mapema, ukiwa mbali bado, ili hatua za mwisho umwachie farasi aangalie kiunzi badala ya kupigana na lijamu. Unachotaka ni kanta, yaani mbio za pole, fupi yenye nguvu ndani yake, inayodunda kama mpira. Fupi bila nguvu ni hatari vilevile, farasi atafika kwenye gogo amekufa miguu, ataning'iniza ya mbele, atagonga na kifua, na hapo ndo anapinduka kichwa chini juu ya mpandaji. Kupinduka huko ndiko kunakoogopwa kuliko kitu chochote kwenye mchezo huu. Mwaka 1999 wapandaji watano walikufa Uingereza, na baada ya hapo ndo kazi kubwa ikafanyika ya kutengeneza viunzi vyenye pini zinazokatika, na baadaye klipu za MIM kutoka Sweden, gogo likigongwa kwa nguvu linaanguka. Zimesaidia, nazipenda, lakini kuna viunzi visivyo nazo, na hata zikiwepo hazisahihishi kasi.

Mpandaji akishuka kuingia majini: visigino chini, miguu mbele kidogo ya mkanda wa tumbo, mabega nyuma, na vidole vifunguke hatamu ziteleze. Hili la hatamu wengi hawalifanyi. Farasi akitua anahitaji shingo yake yote ajisawazishe, ukimbana unamwangusha mwenyewe. Macho yawe pale pa kutokea, siyo kwenye maji. Halafu akishatua usimdai kitu mara moja, mwache apate miguu yake, kusanya hatamu, ndipo umwelekeze kwenye kiunzi kinachofuata.

Kwetu sisi saisi: hatamu ziwe za mpira, zikilowa hazitelezi. Mkanda wa kifua lazima, tandiko likirudi nyuma kwenye kupanda ngazi hakuna wa kulirudisha. Kinga za miguu ziwe zile zinazomwaga maji, usimfunge bandeji yenye pamba ndani, ikinywa maji inakuwa jiwe. Stadi za kwato, zile njumu za chuma zinazofungwa kwenye viatu vya farasi, zichague kwa ardhi ya siku hiyo. Fulana ya kinga na ile ya hewa ni za mpandaji, ila kamba ya ile ya hewa, inayoifunga kwenye tandiko, wewe ndo uikague kabla hajaondoka. Akirudi vua kinga zote kabla ya kumpoza, pitisha kiganja taratibu kwenye kila mguu, maana maji huficha damu na kidonda kidogo huonekana akishakauka.

Na akianguka ndani? Miaka kadhaa iliyopita, shamba moja la mazoezi huku Gloucestershire, Uingereza, jike wa kahawia niliyemtunza tangu ana miaka minne aliingia kwa kasi kubwa mno, chini palikuwa pamechimbika na hakuna aliyepakagua siku hiyo. Mpandaji alirushwa akatoka salama. Jike alibaki amelala ubavu, hatamu zimejisokota mguuni, na pua iko ndani ya maji. Yale maji hayakunifika goti na bado angezama. Niliingia kwa upande wa mgongo wake, kamwe usipite upande wa miguu, nikapiga magoti, nikainua kichwa nikakiweka pajani pangu matundu ya pua yakiwa juu, na mwenzangu akakata hatamu. Mwingine alikwishakimbia nyuma kuwasimamisha waliokuwa wanakuja, na hilo lifanyike kwanza kabisa, kabla hata hujaingia. Hatukumvuta, tulimwacha apumue. Baada ya muda alitikisa masikio, nikaachia kichwa nikarudi nyuma, akasimama mwenyewe.

Daktari wa mifugo alimwangalia pale pale, na hata kama farasi amesimama anatembea vizuri lazima aangaliwe. Hakupandwa siku ile, nilimrudisha kwa kutembea. Jumatatu iliyofuata tulianza upya, kidimbwi cha mvua nyuma ya banda, mimi mbele na gambuti zangu, yeye nyuma na kamba imelegea.